Wasichana wa Serengeti na Umri wa Miaka 17

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mpanda na Mkoa wa Katavi

Sogeeni karibu na redio. Bwana au Bibi kiongozi wa darasa, kama chaki ipo, tuandikie ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: UMRI. KUFUZU. KUNDI. POINTI. Kila neno litakapotajwa katika somo, mmoja wenu alionyeshe ubaoni kwa kidole.

Somo la leo ni habari ya timu ya mpira. Najua baadhi ya kina mama wameanza kuguna. Vumilieni kidogo. Mimi mwenyewe si mtu wa kukesha kwa ajili ya mpira. Lakini habari hii ni ya mabinti, na ndani yake mna jambo ambalo mzazi wa Katavi anaweza kulishika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu na karatasi.

Taifa letu lina timu nyingi za mpira wa miguu, na kila moja ina jina lake. Timu ya wanaume wakubwa ni Taifa Stars. Ya wanawake wakubwa ni Twiga Stars. Ya vijana wa kiume wasiozidi miaka 17 ni Serengeti Boys, na ya wasichana wa umri huohuo ni Serengeti Girls. Serengeti ni ile mbuga ya kaskazini. Sisi huku tuna mbuga yetu ya Katavi, yenye viboko na nyati tele, lakini bado sijasikia timu ya taifa iliyopewa jina lake. Tuyaache hayo.

Mwaka 2022 Serengeti Girls walifanya jambo ambalo hakuna timu ya mpira wa miguu ya Tanzania iliyowahi kulifanya kabla yao, si ya wakubwa wala ya wadogo, si ya wanaume wala ya wanawake. Walikwenda kwenye Kombe la Dunia.

Kwenda huko si kualikwa kama harusini. Sharti mtu afuzu. KUFUZU, mwonyesheni neno, maana yake ni kushinda mechi za kutangulia hata ukapata nafasi katika mashindano yenyewe. Bara zima la Afrika lilikuwa na nafasi tatu tu. Katika hatua ya mwisho wasichana wetu walipangiwa Kamerun, nchi yenye jina kubwa katika mpira. Timu mbili zikipangwa hivyo hucheza mara mbili, mara moja kwa huyu na mara moja kwa yule, kisha mabao yote hujumlishwa. Mwezi wa Mei mwaka 2022 wasichana wetu walikwenda Yaoundé, huko Kamerun, wakashinda kwa mabao 4 kwa 1. Mwezi wa Juni wakacheza Zanzibar, wakashinda bao 1 kwa 0. Andikeni daftarini hesabu hii: 4 na 1 ni ngapi? Ni 5. Kamerun walikuwa na 1 na 0, yaani 1. Basi Tanzania 5, Kamerun 1. Wakafuzu pamoja na Nigeria na Moroko.

Mashindano yalifanyika Uhindi, mwezi wa Oktoba mwaka 2022. Nchi zilikuwa 16, zikagawanywa katika makundi manne. KUNDI maana yake hapa ni nchi nne zinazochezeana, kila moja na kila nyingine. Kundi letu lilikuwa na Japani, Ufaransa, Canada na Tanzania. Sikilizeni vizuri: Japani waliwahi kulichukua kombe hilihili mwaka 2014, na Ufaransa walilichukua mwaka 2012. Watu wengi hapa kwetu walisema, mabinti wanakwenda kutalii.

Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 12 Oktoba katika mji wa Margao, jimbo la Goa. Wazee wanawakumbuka Wagoa waliokuwa makarani na mafundi cherehani katika miji yetu zamani. Asili yao ni huko. Japani waliwafunga wasichana wetu mabao 4 kwa 0. Waliosema ni utalii wakasema, si tuliwaambia?

Hapa ndipo mwalimu wao, Bwana Bakari Shime, na wasaidizi wake walipokuwa na kazi nzito. Mtoto wa miaka 16 amefungwa mabao manne mbele ya macho ya dunia, yuko mbali na nyumbani, na baada ya siku tatu tu anatakiwa kusimama tena mbele ya Wafaransa.

Tarehe 15 Oktoba wakasimama. Katika kipindi cha kwanza Diana Mnally akafunga bao. Kipindi cha pili wakapata penalti. Penalti ni mpira unaowekwa mita 11 mbele ya lango, na mpigaji hubaki peke yake na mlinda mlango. Ukikosa, nchi nzima inakuona. Christer Bahera akaupiga, ukaingia. Wafaransa wakarudisha bao moja, wakashambulia sana, lakini hawakupata la pili. Tanzania 2, Ufaransa 1.

Sasa tuitazame POINTI, maana bila kuielewa hutaelewa kilichofuata. Timu ikishinda hupata pointi 3. Zikitoka sare, kila moja hupata pointi 1. Ikifungwa haipati kitu. Baada ya mechi mbili Japani walikuwa na pointi 6, Tanzania 3, Canada 1 na Ufaransa 1. Kiongozi wa darasa, ziandike ubaoni kwa safu, kubwa juu na ndogo chini. Mechi ya mwisho ilikuwa Tanzania na Canada. Canada wakishinda watakuwa na ngapi? Moja na tatu ni nne, nao watatupita. Tukitoka sare, sisi tutakuwa na 4 na wao 2, nao watabaki chini yetu.

Mechi hiyo ilichezwa tarehe 18 Oktoba huko Navi Mumbai. Canada wakatangulia kufunga. Fikirini hali ya mioyo. Lakini kabla ya mapumziko Veronica Mapunda akasawazisha, ikawa 1 kwa 1, na hivyo ikabaki hadi filimbi ya mwisho. Siku hiyohiyo Ufaransa walifungwa na Japani, wakabaki na pointi yao 1. Basi Japani wa kwanza, Tanzania wa pili. Canada na Ufaransa, nchi tajiri zenye viwanja vya majani mazuri na walimu wengi, wakafunga mizigo yao.

Robo fainali ni hatua ya timu nane zilizobaki. Tarehe 22 Oktoba Tanzania walikutana na Kolombia, wakafungwa mabao 3 kwa 0. Safari ikaishia hapo. Si aibu. Kolombia hao walikuwa na Linda Caicedo, msichana ambaye baadaye dunia yote ilimjua, nao walikwenda hadi fainali wakafungwa na Hispania bao 1 kwa 0.

(Hapa darasa lipumzike kidogo. Anayetaka maji anywe.)

Turudi. Yule anayependa mpira atauliza, basi timu ile iko wapi sasa? Jibu ni kwamba haipo, na haiwezi kuwapo. Timu ya vijana ni kama darasa la saba: kila mwaka wanafunzi wanatoka na wengine wanaingia, na mwalimu anaanza upya. Mabinti waliocheza Uhindi walikwisha kupita UMRI. Mwaka 2024 kombe hilo lilipochezwa katika nchi iitwayo Jamhuri ya Dominika, nafasi za Afrika zilikwenda Kenya, Nigeria na Zambia. Sisi hatukuwamo. Nasema hivi ili tusidhani kwamba mlango ukifunguka mara moja hubaki wazi.

Lakini wachezaji wenyewe hupanda. Mfano mzuri ni Clara Luvanga. Alikuwa mfungaji mkubwa wa timu hii katika mechi za kufuzu. Mwaka 2023 alisajiliwa na Al Nassr ya Saudi Arabia, akawa mchezaji wa kulipwa, akaingia pia Twiga Stars. Msichana anayelipwa mshahara kwa kucheza mpira. Jambo hili bibi zetu wangelisikia wangelicheka. Na mwaka huohuo wa 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate walikwenda Durban, Afrika Kusini, wakawa mabingwa wa mashindano ya shule za Afrika. Hali kadhalika katika michezo mingine: mwaka 2025 vijana wetu wa kiume wasiozidi miaka 19 walishinda mashindano ya Afrika ya kriketi huko Lagos, Nigeria, wakafuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la vijana la mchezo huo, lililofanyika Zimbabwe na Namibia mwaka 2026. Kriketi ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Katavi hauchezwi sana, nao unahitaji somo lake peke yake.

Sasa nimefika pale nilipotaka kufika: ule umri wa miaka 17.

Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022, mchezaji aliruhusiwa ikiwa alizaliwa tarehe 1 Januari 2005 au baada ya hapo. Chukueni mabinti wawili. Mmoja alizaliwa tarehe 31 Desemba 2004, wa pili tarehe 1 Januari 2005. Wamepishana usiku mmoja tu. Huyu wa pili anapanda ndege kwenda Uhindi, na yule wa kwanza anabaki akisikiliza redio. Sasa mama akiulizwa, binti yako alizaliwa lini? Akajibu, alizaliwa wakati wa kupalilia mahindi, mwaka ule wa mvua nyingi. Jibu hilo ni la kweli, wala simcheki mama huyo. Lakini haliwezi kuandikwa katika fomu. Hata yule anayesema, mwanangu alizaliwa mwaka Katavi ilipofanywa mkoa, ametupa mwaka, yaani 2012. Siku na mwezi bado hatuna.

Msidhani natia chumvi. Timu yetu ya Serengeti Boys ilifuzu kwenda mashindano ya Afrika ya mwaka 2005 yaliyofanyika Gambia. Ikagundulika kwamba mchezaji mmoja alikuwa amezidi umri. Tanzania ikaondolewa, na Zimbabwe, ambao tulikuwa tumewatoa, wakachukua nafasi yetu. Vijana wengine wote wa timu ile, waliokuwa na umri halali, waliumia pamoja naye.

Kisha likatokea jambo la pili, na safari hii upepo ulivuma upande wetu. Mwaka 2016 Serengeti Boys walicheza na Kongo ya Brazzaville kutafuta nafasi ya kwenda mashindano ya Afrika. Dar es Salaam tulishinda 3 kwa 2, Brazzaville tukafungwa 1 kwa 0. Jumla ikawa 3 kwa 3, lakini Kongo walikuwa wamefunga mabao mawili ugenini, kwa hiyo tulitolewa. Tanzania ikalalamika juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Akaitwa kupimwa, hakufika. Kongo wakaondolewa, na mwaka 2017 vijana wetu wakaenda Gaboni. Huko walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2 kwa 1, wakafungwa na Niger bao 1. Walilingana pointi na Niger, lakini kwa kuwa Niger ndiye aliyewafunga, Niger akaenda nusu fainali.

Mtu huuliza, umri hupimwaje? Kuna mashine kubwa inayotumia nguvu ya sumaku kupiga picha ya ndani ya mwili, bila kisu na bila maumivu. Huipiga picha mifupa ya mkono karibu na kiganja. Mtoto anayekua ana ukanda mwembamba laini karibu na ncha ya mfupa, na hapo ndipo mfupa hurefukia. Akimaliza kukua, ukanda ule hugeuka mfupa mgumu, mstari ukapotea. Daktari akiona mstari umekwisha kabisa kwa kijana anayesema ana miaka 16, ana haki ya kutilia shaka. Tangu mwaka 2009 FIFA, chama cha mpira cha dunia, kimekitumia kipimo hiki kwa timu za vijana wa kiume. Lakini wasichana humaliza kukua mapema kuliko wavulana, kwa hiyo kwa msichana mfupa peke yake si shahidi wa kutosha. Shahidi wake mkubwa ni karatasi. Na karatasi haiandikwi na mashine. Huanza kwa mzazi.

Cheti cha kuzaliwa hutolewa na serikali kwa njia ya wakala uitwao RITA. Wakati wa kukitafuta ni mtoto akiwa bado mchanga, habari zikiwa mbichi. Lile tangazo la kuzaliwa mnalopewa hospitali au zahanati si cheti. Ni njia ya kukipatia cheti. Lihifadhini mahali pasipofika maji wala panya. Kwa mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, nendeni ofisi ya wilaya mkiwa na karatasi zote mlizo nazo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, au cheti cha shule. Wala msipunguze umri wa mtoto ili aonekane mdogo, wala msiuongeze ili aonekane mkubwa. Kupunguza mmeona kulivyowaponza vijana wa mwaka 2005. Na kuongeza, nawaambieni wazi, hufanywa mara nyingi kwa binti ambaye mtu amekuja na mahari.

Hapa sina budi kusema jambo la mkoa wetu. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, kati ya kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au kupata mimba. Mkoa wetu ulikuwa wa kwanza Tanzania nzima. Uchunguzi wa mwaka 2022 ukaonyesha 34. Taifa zima kwa wastani lilikuwa 22. Tumepungua, lakini 34 ni wengi mno. Angalieni, mwaka huo wa 2022 ndio mwaka Diana, Christer na Veronica walipokuwa Uhindi, nao walikuwa wa rika hilohilo. Ikiwa hapo darasani yuko binti aliyezaa akiwa na umri huo, hatumsemi vibaya. Amefanya vema kuja kusoma, na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi hata shuleni.

Je, binti wa Mpanda anaweza kufika huko? Njia ipo, nayo huanza karibu. Shule za msingi zina mashindano yaitwayo UMITASHUMTA, na za sekondari zina UMISSETA. Watoto huchaguliwa shuleni, kisha wilayani, kisha mkoani, kisha mkoa mzima hupeleka timu yake taifani, na huko walimu wa timu za taifa huja kutazama. Wachache ndio watakaochaguliwa, wala simdanganyi mtu kwamba kila binti atakayeupiga mpira pale uwanja wa Kashaulili atapanda ndege. Lakini asiyeruhusiwa kabisa hawezi hata kuhesabiwa. Baba mmoja atasema, mpira wa miguu humharibu msichana. Nami namwuliza kwa heshima: jioni ile anapokuwa uwanjani na wenzake arobaini na mwalimu wake, nani anajua alipo? Kila mtu anajua. Na ndoo ya maji inaweza kuchotwa na kaka yake siku mbili katika juma.

Sasa maswali. Kiongozi, soma polepole, wenzako wajibu kwa mdomo kwanza, kisha waandike.

Katika mechi zao nne za Uhindi, Serengeti Girls walifunga mabao mangapi kwa jumla? Walifungwa mangapi? Ni nani alipiga penalti katika mechi ya Ufaransa? Msichana aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 2004 angeruhusiwa kucheza mwaka 2022, au asingeruhusiwa? Tangazo la kuzaliwa na cheti cha kuzaliwa yana tofauti gani? Na hili la mwisho mjadiliane, msiogope kupingana: ni kazi gani ya nyumbani inayomzuia binti kucheza, na ni nani mwingine anayeweza kuifanya?

Kazi ya kufanya nyumbani ni hii. Kila mmoja achukue ukurasa safi wa daftari. Aandike jina la kila mtoto wake, au mjukuu anayemlea, na mbele ya jina aandike siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Usipoijua siku, acha nafasi, kisha ukaulize: kwa mkunga, kwa jirani, kwenye kadi ya kliniki. Usibuni. Juma lijalo tutajifunza kujaza fomu, nanyi mtazihitaji tarehe hizo, basi njooni na ukurasa huo pamoja na kalamu yenye wino.

Kwaherini.